Oili chafu sio kesi ya fundi peke yake

Kila mada ya oili chafu, yaani iliyokwisha tumika kwenye injini, ikizuka naona watu wanamrukia fundi wa gereji, ati ndiye sheria mpya imemlenga. Hapana jamani. Sheria ya Kenya ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022, kifungu cha 13, inamwangalia mzalishaji, na mzalishaji hapo sio kiwanda tu, ni pamoja na anayeingiza oili kutoka nje, hata yule anayenunua mapipa akapaki upya kwenye vidumu vyake. Hao ndio wanabeba jukumu la taka inayotokana na bidhaa yao, kila mmoja kivyake ama wajiunge kwenye mpango wa pamoja. Fundi naye hajaruhusiwa kumwaga kwenye mtaro, lakini ukimwambia asimwage na hakuna anayekuja kuichukua unataka aipeleke wapi?

Kuna wanaosema oili ikishatumika imekufa. Haijafa, imechafuka tu, imejaa masizi, maji, unga wa chuma, na zile kemikali walizoongeza kiwandani zimeisha nguvu. Ukiitoa maji, ukaichemsha kwenye mtambo usio na hewa ukatenganisha, ukaisafisha tena, unapata oili ya msingi ya kutengenezea oili nyingine. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema galoni moja (kama lita 3.8) ya oili chafu inatoa karibu lita 2.4 za oili nzuri, na kiasi hicho hicho ukitaka kukitoa kwenye mafuta ghafi unahitaji galoni 42. Hebu fikiria tunachomwaga.

Wengine wanasema, "Basi kampuni ikiuza lita 1000 irudishe 1000." Haiwezekani, nyingine inaungua humo humo kwenye injini, nyingine inavuja njiani, nyingine inabaki kwenye filta. India kanuni zao zilianza 1 Aprili 2024 na lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa 5% tu ya oili inayouzwa, halafu linapanda mpaka 50%.

Bei nayo, watu wanaogopa oili itakuwa haishikiki. Uhispania wanaoingiza oili sokoni kwa miaka walikuwa wakilipia mfumo wa ukusanyaji senti 6 za yuro kwa kilo, yaani gari dogo linalobeba kilo nne za oili ilikuwa senti 24. Sio bure, na mwenye gari ndiye ataishia kulipa, lakini sio kitu cha kuvunja mtu.

Sasa hii ndio inaniuma, mtu anakwambia: "Oili chafu haina shida, tunapaka nguzo mchwa wasile, tunamwagia vumbi barabarani." Nimekulia nyumba ambayo nguzo za ua zilipakwa kila kiangazi, watoto tunazishika, tunaegemea, hakuna aliyejua. Ndani ya oili hiyo mna madini ya sumu kama risasi (ledi), zinki, kadimiamu, na mvua ikinyesha vinashuka taratibu kwenda kule kule tunakochota maji ya kisima. EPA hao hao wanasema galoni moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Na anayeinunua akachome kwenye tanuri la matofali hajaiondoa, ameipandisha juu tu, moto wake ni mdogo na hakuna kichujio, moshi unaingia nyumba za jirani. Tanuri la saruji ni habari nyingine, kule linafika nyuzi 1,450 hivi na lina vichujio.

Kwa hiyo fundi wangu, pipa liwe na kifuniko, oili ya breki usichanganye humo, wala kulanti, wala thina uliyooshea vyuma, maana pipa likishachanganyika hata mtambo wa kusafisha unalikataa. Na anayekuja kuchukua muulize leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kabla hujamfungulia geti, hata kama anakupa bei nzuri kuliko wengine.