Eneo la wazi si shamba la bibi

"Bwana mipango, pale hapana mwenyewe." Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa kikundi cha akina mama hapa Mbeya wanaoendesha benki ya chakula ya mtaa. Chumba chao kimejaa mahindi, unga na maharage hadi mlango unafungwa kwa kusukuma na bega, na sasa wanataka kujenga banda kwenye uwanja wa wazi ng'ambo ya barabara. Kazi yao naiheshimu. Hoja hiyo ndiyo imenichosha.

Dhana: Eneo la wazi ni ardhi iliyosahaulika.

Haikusahaulika. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Uwanja ule umechorwa kwenye mchoro wa mipango miji kama ilivyochorwa shule au zahanati, na kubaki wazi ndiyo matumizi yake.

Niliwaomba tukae pale saa kumi jioni, tutazame tu. Watoto wakaja na mpira wa makaratasi. Mama mmoja alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai, anafukuza kuku kwa kandambili. Wazee wawili walikuwa na bao lao chini ya mti. Wenyewe ndio hao.

Halafu kuna maji. Mji wetu umekaa miguuni mwa mlima Loleza. Mvua zikianza, maji yanateremka yakitafuta pa kutulia. Kwenye shina la mti ule, juu kidogo ya kifundo cha mguu, niliwaonyesha mstari wa tope ulioachwa na mvua zilizopita. Zege na bati havinywi maji, kwa hiyo yataingia kwa jirani wa chini. Na hapo ndipo mnataka kuweka chakula, jamani? Mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakipata maji yanaota ukungu, na sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haimalizwi na moto wa kusongea ugali.

Dhana: Mwenyekiti wa mtaa ameshatia muhuri.

Muhuri wake unathibitisha kwamba anawafahamu. Mjini mamlaka ya upangaji ni halmashauri, na mwenyekiti hana uwezo wa kugawa kiwanja, hata awe mtu mwema namna gani.

Dhana: Kontena si jengo.

Hii huwa inanichekesha. Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya 2007 haihesabu matofali peke yake. Kubadili matumizi ya ardhi nako kunataka kibali.

Dhana: Kando ya mto hakuna atakayetusumbua.

Mita 60 kutoka ukingoni, hakuna shughuli ya kudumu. Ni Sheria ya Mazingira ya 2004, na haina kifungu cha msamaha kwa wanaolisha wajane.

Dhana: Tukipata eneo kubwa tutalisha wengi.

Hapa natoka nje ya fani yangu kidogo, lakini maghala nimeyaingia mengi. Kabla ya kuomba ardhi, nunueni chaga, yaani fremu za mbao za kuinulia magunia kutoka sakafuni. Chumba chao ni mita 4 kwa 5. Ukiacha nusu mita kila upande wa ukuta ili hewa ipite na panya aonekane, unabaki na 3 kwa 4. Magunia yakipangwa juu ya chaga hadi kimo cha mita 2, zinaingia zaidi ya tani 10. Wao walikuwa na magunia yasiyofika 30, yamelazwa sakafuni, yameegemea ukuta, ya zamani yako chini ya mapya.

Robo nzima ya chumba ilikuwa imeshikwa na viti vya plastiki vilivyovunjika na spika mbovu. Nilipouliza ni vya nani, wakatazamana. Mama mwenyekiti akacheka: "Havina mwenyewe, bwana mipango."

Tulivitoa siku ileile.