Filamu inapoanza upya: maana yake na namna ya kuipima kwa ile iliyotangulia

Kompyuta ikikwama, mwenye nayo huizima na kuiwasha upya. Yaliyokuwa yakiendelea kwenye kioo hupotea, lakini mafaili yaliyokwisha kuhifadhiwa hubaki mahali pake. Lugha ya filamu iliazima neno lake huko huko. Ributi, au kwa Kiswahili cha kawaida kuanza upya, ni filamu inayomchukua mhusika ambaye watazamaji tayari wanamjua, ikafuta yote yaliyompata katika filamu zilizopita, kisha ikamsimulia kana kwamba hajawahi kuonekana sinemani. Kinachofutwa ni mfululizo wa matukio. Kinachobaki ni kiini, yaani mambo ambayo yakiondolewa mhusika anageuka kuwa mtu mwingine: Batman hubaki yatima aliyeshuhudia wazazi wake wakiuawa, Superman hubaki mgeni kutoka sayari iliyoangamia, na Spider-Man hubaki kijana aliyepewa nguvu kabla ya kupewa busara ya kuzitumia.

Neno hili hutumiwa ovyo, kwa hiyo inafaa kulitenganisha na majirani zake. Muendelezo huchukua pale hadithi ilipoishia. Rimeiki huirudia hadithi ile ile kwa waigizaji wengine na mara nyingi kwa mazingira mengine. Kubadilisha mwigizaji peke yake si kuanza upya: mwaka 1995 Val Kilmer alivaa vazi la Batman lililokuwa la Michael Keaton, lakini Michael Gough aliendelea kumwigiza Alfred, mtumishi wa nyumba, kama alivyofanya tangu 1989, na hakuna aliyemwambia mtazamaji asahau yaliyopita. Vilevile filamu ya Superman ya mwaka 2006 ilikuwa na sura mpya, Brandon Routh, ilhali ilijishikiza waziwazi kwenye zile za Christopher Reeve. Kuanza upya kwa kweli huanza pale ambapo yaliyopita hayahesabiki tena ndani ya hadithi.

Wasomaji wa vitabu vya katuni walilizoea jambo hili kabla ya watazamaji wa sinema. Kampuni ya DC iliubomoa na kuujenga upya ulimwengu wa mashujaa wake katikati ya miaka ya 1980, na Septemba 2011 ikaanzisha majarida 52 kuanzia toleo la kwanza. Mhusika anayeandikwa kwa miongo mingi hubeba mzigo wa matukio ambao msomaji mpya hawezi kuubeba, na mtu lazima aupunguze. Katika sinema sababu huwa nyingi zaidi, na si zote za kisanaa. Waigizaji huzeeka na ujira wao hupanda. Filamu moja mbovu huweza kuliharibu jina zima. Pia zipo haki za kisheria: studio iliyonunua haki za kumwonyesha mhusika fulani hulazimika kuendelea kutengeneza filamu zake, la sivyo haki hizo humrudia mwenyewe. Sony ilikuwa katika hali hiyo kuhusu Spider-Man. Mpango wa filamu ya nne ya mwongozaji Sam Raimi ulipovunjika Januari 2010, studio haikuwa na nafasi ya kukaa kimya kwa miaka mingi. Julai 2012, miaka 5 tu baada ya filamu ya tatu ya Raimi, Spider-Man alirudi akiwa na uso wa Andrew Garfield, chini ya mwongozaji Marc Webb, na hadithi ikaanza tena tangu kijana alipoumwa na buibui.

Hapo ndipo ugumu wa kuhukumu unapoanzia. Studio inaweza kufuta yaliyompata mhusika, lakini haiwezi kufuta yaliyompata mtazamaji. Aliyeiona filamu ya kwanza ya Raimi, ya mwaka 2002, huingia ukumbini akiwa nayo kichwani, na kumwambia aitazame mpya kana kwamba ya zamani haipo ni kumtaka afanye jambo ambalo akili ya binadamu haina uwezo nalo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kulinganisha ni kuionea filamu mpya. Kulinganisha ni haki, mradi tuulize swali linalofaa. Swali la ipi ni nzuri zaidi kwa jumla huzaa ubishi wa ushabiki usio na mwisho. Kwa filamu inayoanza upya, swali lenye tija ni hili: jambo hili ambalo nimekwisha kuonyeshwa, kwa nini naonyeshwa tena, na mabadiliko yaliyofanywa yananipa nini ambacho sikuwa nacho? Kila kinachorudiwa kinadaiwa sababu. Kilichoachwa hakidaiwi chochote, isipokuwa kiwe ni sehemu ya kiini.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa karibu ni kifo cha Ben, mjomba aliyemlea Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man. Katika filamu ya 2002, Peter anaingia ulingoni kupigana mieleka kwa ahadi ya dola 3,000 kwa atakayehimili dakika tatu. Anamshinda mpinzani wake kwa dakika mbili, na mwandaaji anatumia hoja hiyo hiyo kumlipa dola 100. Muda mfupi baadaye jambazi anamwibia mwandaaji na kukimbilia kwenye lifti, na Peter, akiwa bado na hasira, anasogea pembeni kumpisha. Jambazi huyo anapotaka gari la kutorokea, gari analolikuta ni la mjomba Ben, ambaye alikuwa akimsubiri Peter. Kijana anamfukuza muuaji hadi ndani ya jengo bovu, mwanga unamwangukia usoni, na anamtambua. Hakuna hotuba. Sura ile inatosha. Kisasi kidogo alichodhani anamlipa mwandaaji kimemlipa yeye mwenyewe, na kuanzia hapo kila anachokifanya shujaa huyu ni malipo ya deni.

Filamu ya 2012 inarudia kifo hicho kwa njia nyingine. Peter amegombana na mjomba wake kwa sababu alisahau kumchukua shangazi yake, akatoka nyumbani kwa hasira. Anaingia dukani kununua maziwa ya chokoleti, anapungukiwa senti mbili, na muuzaji anakataa kumsamehe. Mteja aliye nyuma yake anaiba fedha kwenye droo, anamrushia Peter yale maziwa na kuondoka. Muuzaji anapoomba msaada, Peter anajibu kwamba hilo halimhusu. Mtaani, mwizi anakutana na Ben, bastola inaanguka, wanaigombania, na Ben anapigwa risasi.

Nataka kutenda haki hapa, kwa sababu wengi waliupuuza utunzi huu bila kuutazama vizuri. Ben wa mwaka 2012 yuko mtaani usiku kwa sababu moja tu: anamtafuta kijana wake aliyetoka nyumbani kwa hasira. Hatia ya Peter ni ya tabaka mbili, moja ya kumwacha mwizi apite na nyingine ya kumfanya mjomba wake atoke nje. Hilo halikuwemo mwaka 2002, na lingeweza kuzaa filamu yenye uzito wake yenyewe. Tatizo ni kwamba filamu haikai nalo. Peter anaanza kumsaka muuaji kwa mchoro wa polisi na alama ya nyota iliyochorwa kwenye kifundo cha mkono, anawapiga wahalifu wanaofanana naye usiku baada ya usiku, halafu Mjusi, adui mkuu wa filamu hiyo, anatokea mjini na msako unaachwa. Hadi filamu inakwisha muuaji hajapatikana. Kuacha jambo wazi si kosa kwa lenyewe, lakini mtazamaji ambaye mwaka 2002 alioneshwa uso wa muuaji chini ya mwanga ule analiona pengo hilo kwa ukubwa ambao mtazamaji mpya huenda asiuone.

Na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba filamu ya Webb ilikuwa na mahali pake pa kumgeuza Peter kuwa shujaa, na palikuwa pazuri. Ni kwenye daraja, ambapo mtoto amekwama ndani ya gari linaloning'inia na kushika moto. Peter anavua kinyago chake, anamwonyesha mtoto kwamba ndani yake yumo mtu wa kawaida tu, kisha anampa akivae ili apate ujasiri wa kupanda juu. Katika dakika hizo chache anaacha kuwa mtu wa kisasi na kuwa mtu wa kuokoa. Hakuna tukio kama hilo katika filamu ya kwanza ya Raimi. Filamu hii ilikuwa na mlango wake yenyewe, ikaona lazima ipite kwanza mlango wa jirani.

Hukumu yangu, basi, haisemi kwamba filamu ya 2012 ni mbaya. Mapenzi ya Peter na Gwen Stacy, aliyeigizwa na Emma Stone, yana uchangamfu na utani wa watu wawili wanaosikilizana kweli, na kwa upande huo naiweka mbele ya ile ya zamani. Nasema kwamba sehemu zake bora ni zile zilizothubutu kuwa mpya, na sehemu zake dhaifu ni zile zilizorudia bila kujieleza. Hata siri ya wazazi wa Peter, ambayo filamu inaifungua katika dakika zake za mwanzo na ambayo ilitangazwa kama hadithi isiyowahi kusimuliwa, inabaki bila jibu inapofika mwisho.

Kipimo hicho hicho huonyesha kwa nini Batman Begins ya mwaka 2005 hutajwa kama mfano wa kuanza upya kulikofaulu. Mwongozaji wake, Christopher Nolan, naye alirudia kifo cha wazazi wa Bruce Wayne, mtu aliye nyuma ya kinyago cha Batman, ambacho mwongozaji Tim Burton alikwisha kukionyesha mwaka 1989. Lakini kwa Burton kifo hicho kilikuwa kumbukumbu fupi iliyomuunganisha Batman na adui yake Joker. Nolan alikigeuza kuwa swali linaloongoza filamu nzima: mtoto aliyeona haya ajifunze nini, aende wapi, na hasira yake aiweke chini ya sheria gani? Kwa sehemu kubwa ya mwanzo wa filamu hakuna Batman kabisa, ila Bruce anayetanga na dunia na kufunzwa mapigano milimani. Kurudia kwa namna hiyo kulikuwa kulipa deni. Vilevile filamu iliyotangulia, ya mwaka 1997, ilikuwa imepokewa vibaya kiasi kwamba wachache waliona kuna kitu cha thamani kinachofutwa. Hilo lilimsaidia Nolan, nasi yafaa tulizingatie. Filamu inayoanza upya baada ya iliyoharibika hupewa msamaha ambao inayofuata iliyopendwa haipewi.

Watu hukimbilia pia fedha kama ushahidi, na fedha inahitaji uangalifu. Spider-Man ya 2002 iliingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani, na ndiyo filamu ya kwanza kupita dola milioni 100 katika siku tatu za kwanza Marekani. Ile ya 2012 iliingiza zaidi ya milioni 750. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kati ya miaka hiyo bei za tiketi zilipanda, na filamu ya 2012 ilioneshwa pia kwa mfumo wa 3D, ambao tiketi yake huwa ghali zaidi. Kwa upande mwingine, Batman Begins iliingiza chini ya dola milioni 400, na hakuna anayeiita filamu iliyoshindwa, kwa kuwa ndiyo iliyoitengenezea njia The Dark Knight ya mwaka 2008, iliyopita dola bilioni moja. Mapato hueleza jinsi watu walivyoitamani filamu kabla ya kuiona, angalau katika wiki ya kwanza. Ubora wake ni suala jingine.

Zipo pia hoja mbili ambazo naona hazina haki kabisa. Ya kwanza ni kuilaumu filamu ya zamani kwa picha zake za kompyuta, kwani teknolojia ya mwaka 2002 haikuwa chaguo la mwongozaji. Ya pili ni kuilaumu mpya kwa kumbukumbu zetu. Mtu aliyeiona filamu ya kwanza akiwa na miaka 12 anailinganisha mpya na utoto wake, na hakuna mwongozaji anayeweza kushindana na utoto wa mtu. Dawa yake ni rahisi: itazame tena ya zamani kabla ya kutoa hukumu. Mara nyingi utakuta tukio unalolikumbuka kwa dakika kumi limechukua mbili.

Waandaaji nao walijifunza. The Incredible Hulk ya mwaka 2008 ilisimulia chimbuko la shujaa wake wakati majina ya waigizaji yakipita kiooni, ikaendelea na safari. Tom Holland alipoanza filamu zake mwenyewe za Spider-Man mwaka 2017, hapakuwa na buibui anayeuma wala mazishi ya mjomba Ben, kwa imani kwamba watazamaji wanayajua hayo kama wanavyozijua hadithi walizolelewa nazo. Kisha mwaka 2021 likatokea jambo ambalo maana ya neno hili haikulitarajia: katika Spider-Man: No Way Home, Tobey Maguire, Spider-Man wa filamu za Raimi, na Garfield walirudi na kusimama pamoja na Holland, kila mmoja na yaliyompata. Yaliyofutwa yalikuwa yamehifadhiwa. Katika filamu ya pili ya Garfield, ya mwaka 2014, Gwen alikufa kwa kuanguka, na utando wa Peter ukamfikia kwa kuchelewa. Sasa msichana mwingine anaanguka, Garfield anajirusha nyuma yake, anamdaka, anatua naye salama, na machozi yanamlengalenga kabla hajasema neno.