Draiva imegoma kupakiwa? Usikimbilie kuzima Secure Boot

Ukiuliza popote kwa nini draiva ya kadi ya michoro au ya Wi-Fi imegoma kwenye Linux, jibu la kwanza ni lilelile: ingia kwenye mipangilio ya bodi mama, zima Secure Boot (kinga inayokagua saini za kidijitali za programu zinazopakiwa mashine inapowaka), washa upya. Wakati mwingine draiva inaamka kweli. Wakati mwingine haiamki, maana saini haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo, na sasa una draiva iliyogoma pamoja na mashine iliyovuliwa kinga.

Draiva hizo mara nyingi huja kama moduli ya kerneli, yaani kipande kinachoongezwa kwenye kiini cha mfumo: ni faili yenye mwisho wa .ko, inayokaa chini ya /lib/modules katika folda yenye jina la toleo la kerneli. Ikishapakiwa, inaendeshwa kwa mamlaka yaleyale ya kerneli, na hakuna ukuta kati yake na kumbukumbu yote ya mashine. Programu ya kawaida ikikosea inakufa peke yake. Moduli ikikosea inaweza kuondoka na mfumo mzima. Watumiaji wa Windows walilionja hili tarehe 19 Julai 2024, pale faili moja ya usanidi iliyosomwa na draiva ya kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Kumbuka kwamba draiva ile ilikuwa na saini halali kabisa.

Mimi huanza na amri moja, inayoorodhesha vifaa na draiva zake: lspci -nnk. Kwa vifaa vya USB, lsusb -t. Kifaa kisipoonekana hapo, achana na draiva kwanza. Angalia kama kimekaa vizuri kwenye nafasi yake, kama kinapata umeme, au kama kimezimwa kwenye mipangilio ya bodi. Kikionekana, soma mistari miwili iliyo chini yake. "Kernel modules" inataja moduli zinazodai kukijua kifaa hicho. "Kernel driver in use" inataja iliyokishika. Ukiona mstari wa moduli bila ule wa pili, ujue draiva ipo ila haijakishika kifaa. Ukiona jina la draiva nyingine kabisa, umeshapata jibu: kuna aliyewahi. Nouveau, draiva huria ya kadi za Nvidia, na draiva ya Nvidia yenyewe ndio wagombanaji maarufu wa namna hii.

Hatua inayofuata ni kuipakia moduli kwa mkono kwa amri ya modprobe, kisha kusoma ujumbe wa kerneli kwa dmesg papo hapo. Usiridhike na maneno ya modprobe peke yake. Ni mafupi mno, na yametokana na namba za makosa za jumla ambazo hazikutungwa kwa ajili ya moduli. Ukweli uko kwenye dmesg.

"Invalid module format" maana yake kwa kawaida ni kwamba moduli ilijengwa kwa ajili ya kerneli nyingine. Linganisha mstari wa vermagic unaotolewa na modinfo (kerneli ambayo moduli ilijengewa) na matokeo ya uname -r (kerneli inayotumika sasa). Hali hii hutokea sana baada ya kusasisha mfumo: kerneli mpya imeingia, lakini vichwa vyake, yaani kifurushi cha headers, havikusakinishwa, basi DKMS, zana inayojenga moduli upya kila kerneli inapobadilika, ikashindwa kuijenga. dkms status itakuambia imekwama wapi, na faili ya make.log iliyo chini ya /var/lib/dkms itakuambia kwa nini. "Unknown symbol" mara nyingi ni moduli inayoitegemea nyingine ambayo haijapakiwa; ukitumia insmod badala ya modprobe utakutana nayo, kwa kuwa insmod haiwatafuti wategemewa.

Halafu kuna huu, unaopotosha wengi: "Direct firmware load for ... failed with error -2". Hapa moduli imeshakubaliwa na inafanya kazi. Inachokosa ni fimwea, yaani programu ndogo inayosukumwa ndani ya kifaa chenyewe. Namba -2 inasema tu kwamba faili haikupatikana kwenye /lib/firmware. Dawa yake ni kifurushi cha fimwea. Ukizima Secure Boot hapa, umepunguza usalama na Wi-Fi bado haipo. Tahadhari ndogo: baadhi ya draiva hujaribu matoleo kadhaa ya fimwea moja baada ya jingine, kwa hiyo mistari ya namna hii ikifuatiwa na mafanikio haina neno.

Saini yenyewe ikikataliwa, ujumbe hauna utata: "Key was rejected by service", au kwenye mifumo mingine "Required key not available".

Ukaguzi wa saini za moduli uliingia kwenye Linux toleo la 3.7, mwaka 2012. Saini hubandikwa mwishoni mwa faili, na herufi za mwisho kabisa husomeka "~Module signature appended~". Unaweza kuziona kwa tail -c 28, ilimradi faili haijabanwa kwa xz au zstd. Kwa sababu inakaa mkiani, ukiipitisha moduli kwenye amri ya strip ili kupunguza ukubwa, saini imekwenda. modinfo -F signer itakuonyesha jina la mwenye ufunguo. Ikirudi tupu, moduli haina saini.

Kama kerneli haikupangwa kulazimisha saini, moduli isiyo nayo hupakiwa tu, na dmesg huandika "module verification failed: signature and/or required key missing - tainting kernel". Watu huunakili mstari huu wakidhani ndio kosa lao. Sio. Ni alama tu kwamba kerneli imetiwa doa. Soma /proc/sys/kernel/tainted: 4096 ni moduli iliyotoka nje ya msimbo rasmi wa kerneli, 8192 ni isiyo na saini, kwa hiyo 12288 ni hayo mawili pamoja. Tafuta tatizo lako mistari iliyofuata.

Secure Boot ikiwa imewashwa, wasambazaji wengi huiweka kerneli katika hali ya lockdown, inayofunga njia za kuibadilisha kerneli inayoendelea kufanya kazi, iliyoingia rasmi kwenye toleo la 5.4 mwaka 2019. Iangalie kwenye /sys/kernel/security/lockdown. Hapo moduli isiyo na saini inayotambulika haipiti. Hali hiyohiyo huzuia pia kusoma /dev/mem na kuilaza mashine kwa kuhifadhi kumbukumbu kwenye diski, kwa hiyo laptopu ikikataa kulala kwa namna hiyo, usianze kuilaumu draiva ya betri.

Njia sahihi ni kusajili ufunguo wako mwenyewe, unaoitwa MOK (Machine Owner Key, yaani ufunguo wa mwenye mashine). Unatengeneza jozi ya funguo, unautuma ule wa hadharani kwa mokutil --import, unaweka nenosiri la muda, unawasha upya. Itatokea skrini ya buluu inayosubiri sekunde 10 tu. Ukipitwa, mashine huendelea kuwaka kana kwamba hukuomba kitu, na inabidi urudie. Chagua nenosiri rahisi la herufi zisizohamahama, maana kibodi hapo huenda isifuate mpangilio uliouzoea. Baadaye thibitisha kwa mokutil --list-enrolled.

Sasa sehemu ambayo maelekezo mengi huiruka. Ili DKMS iweze kusaini moduli upya kila kerneli inapobadilika bila kukuuliza, ufunguo wa siri hukaa kwenye mashine hiyohiyo, mara nyingi kama /var/lib/dkms/mok.key, na hauna nenosiri. Mvamizi akishapata mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, anaweza kuisaini moduli yake kwa ufunguo wako na kerneli ikaipokea kwa mikono miwili. Kwenye laptopu yangu nalikubali hilo, kwa sababu Secure Boot bado inazuia kerneli au kipakiaji chake kisicho na saini inayotambulika. Kwenye seva silikubali. Huko moduli hujengwa na kusainiwa kwenye mashine nyingine, na seva hupewa ufunguo wa hadharani tu. Ambapo vifaa havibadiliki, naongeza kernel.modules_disabled=1, inayozuia moduli zaidi zisipakiwe, baada ya kila kitu kupakiwa; haifunguki tena hadi kuwasha upya. Ukichomeka baadaye kifaa cha USB ambacho moduli yake haikupakiwa, hakitafanya kazi, na hiyo ndiyo nia.

Hata saini ya kampuni kubwa haithibitishi kwamba draiva ni salama. Inathibitisha nani aliyesaini. Draiva za programu hasidi ya Stuxnet, zilizogunduliwa mwaka 2010, zilibeba saini za vyeti vilivyoibwa kutoka Realtek na JMicron. Siku hizi wavamizi hawahitaji hata kuiba. Huja na draiva halali yenye udhaifu unaojulikana, wakaipakia, kisha wakaitumia kuingia kwenye kerneli. RTCore64.sys, inayokuja na MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi za michoro, na yenye udhaifu CVE-2019-16098, ilitumiwa hivyo na genge la BlackByte mwaka 2022 kuzima programu za ulinzi. Ndiyo maana Microsoft hutunza orodha ya draiva zinazozuiwa ingawa saini zao ni halali.

Kwenye Linux orodha hiyo unaiandika mwenyewe katika /etc/modprobe.d, na hapa kuna mtego. Neno blacklist huzuia moduli isijipakie yenyewe kifaa kinapoonekana, lakini modprobe kwa mkono bado itaipakia, na moduli nyingine inayoitegemea itaivuta. Ukitaka modprobe ikatae kabisa, andika mstari wa install ukifuatiwa na jina la moduli na /bin/false. Kisha jenga upya initramfs, yaani mfumo mdogo unaopakiwa mwanzoni mashine inapowaka, la sivyo moduli inaweza kupakiwa kutoka humo kabla mstari wako haujasomwa.