Kupona matatizo ya ulaji si kunenepa

"Kashapona yule, huoni alivyonenepa?" Husemwa kwa nia njema, kwa furaha hata, na husemwa mara nyingi mno kuhusu mtu aliyeugua anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Kauli hiyo inachanganya mambo mawili: mwili kurudi kwenye uzito wake, na mtu kupona.

Kwa ufupi, matatizo ya ulaji ni magonjwa ya akili yanayovuruga namna mtu anavyokula na anavyouona mwili wake, mpaka afya na maisha yake yanaingia hatarini. Yamo anoreksia, bulimia (kula kupita kiasi kisha kukitoa chakula, mara nyingi kwa kujitapisha), ulaji wa kupindukia na mengineyo. Kupona ni pale mwili unapokuwa salama, ulaji unapotulia, na chakula kinapoacha kuyatawala mawazo ya mtu kutwa nzima. Hayo ni mambo matatu. Tunalitazama la kwanza tu kwa sababu ndilo linaloonekana kwa macho.

Mizani ina kazi yake, sikatai. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu lazima ulishwe kwanza, tena kwa uangalizi wa wataalamu, maana chakula kingi cha ghafla kinaweza kushusha madini ya fosfeti kwenye damu na kuuhatarisha moyo. Pia ubongo wenye njaa haufaidiki sana na mazungumzo ya tiba. Kwa hiyo uzito huja mwanzoni, na hapo ndipo tunapokosea: tukiuona tunadhani safari imekwisha.

Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alianza jaribio na wanaume 36 waliojitolea, wenye afya njema ya mwili na akili. Kwa karibu miezi sita walipewa chakula pungufu hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Walianza kuwa wakali kwa jambo dogo, wakajitenga na wenzao, wakawa hawawazi kitu ila chakula. Wengine walisoma vitabu vya mapishi kama mtu anavyosoma riwaya. Jambo ninalotaka ulione ni lililotokea chakula kiliporudi. Wapo waliokula hadi tumbo likauma na bado wakalalamika njaa, na hali ya wengi ya moyo na ulaji ilichukua miezi kutulia. Hawa walikuwa watu wasio na hofu ya kunenepa, hawakuwa na ugonjwa wowote zaidi ya njaa yenyewe. Sasa mfikirie mtu ambaye kila kilo inayoongezeka inamtia hofu. Siku uzito wake unapofika pale daktari alipotaka, kwake huenda ndiyo siku ngumu kuliko zote, na ndiyo siku sisi tunampongeza na kuondoka.

Hata tiba zenyewe zinalijua hili. Ile inayowashirikisha wazazi, iliyoasisiwa katika hospitali ya Maudsley, London, ina awamu tatu. Katika ya kwanza wazazi wanashika usukani wa milo mpaka uzito wa kijana urudi. Katika ya pili anarudishiwa madaraka ya kula kwake, kidogo kidogo. Ya tatu inahusu maisha yake ya ujana yaliyosimama wakati akiumwa. Kwa hiyo ukisema "kashapona" kwa kutazama mwili, mara nyingi mgonjwa bado ana awamu mbili mbele yake.

Mtazame mezani. Mwili umejaa, shavu limerudi, lakini anakula kwa saa maalumu alizopangiwa, milo mitatu na vitafunwa kati yake, asikie njaa asisikie. Hajifanyi. Baada ya njaa ndefu tumbo huwa linachelewa kumaliza chakula, na vijiko vichache vinamshibisha kwelikweli, kwa hiyo hawezi bado kuzitegemea dalili za njaa na shibe. Hapo akitokea mtu akamwambia, "Siku hizi umenawiri!", ugonjwa wake unamtafsiria papo hapo: umenenepa, punguza. Aliyesema hana kosa la nia. Ila neno limeshafika.

Kosa hilo lina upande wa pili unaoniuma zaidi. Kama kunenepa ndiko kupona, basi ambaye hakukonda hakuwahi kuumwa. Daktari wa magonjwa ya akili Gerald Russell alipoieleza bulimia mwaka 1979, wengi wa wagonjwa wake hawakuwa wamekonda. Mtu wa uzito wa kawaida anayejitapisha anaweza kupungukiwa potasiamu kiasi cha moyo kupiga vibaya, na hakuna jirani atakayeshtuka kwa kumtazama. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 umetambua pia kwamba mtu anaweza kuwa na dalili nyingine zote za anoreksia, amepungua sana, na bado asiwe mwembamba. Watu hawa wakiomba msaada huambiwa wanadeka. Huo ni unyanyapaa kamili, hata kama hakuna tusi lililotamkwa: mgonjwa anatakiwa kuuthibitisha ugonjwa wa akili kwa mifupa yake.

Na wengi hupona, tena kabisa. Huchukua muda, mara nyingi miaka, na ugonjwa ukirudi katikati haufuti hatua zilizopigwa. Ila anayejua kwamba amefika ni yeye na wanaomtibu. Sisi tuliobaki tuseme "anaendelea na matibabu" mpaka mwenyewe aseme vingine, na tukikutana naye tumwulize kazi, masomo au watoto, tukiuacha mwili wake bila maoni, hata yale ya kusifu.