Uhusiano katika modeli ya data ya elimu

Modeli ya data ya elimu ni mpango unaoeleza mambo mawili: mfumo utaweka kumbukumbu za nini (mwanafunzi, shule, mwalimu, mlezi, somo), na vitu hivyo vinahusianaje. La kwanza halimsumbui mtu. La pili ndilo linaloamua kama mfumo utasema kweli.

Chukua mtoto wa gredi ya nne anayesoma Kayole, Nairobi. Fundi mwenye haraka ataweka safu ya "shule" kando ya jina lake, basi. Muhula wa pili wazazi wanahamia Kawangware, karani anafuta shule ya zamani na kuandika mpya. Hapo hapo mfumo umesahau kwamba mtoto aliwahi kusoma Kayole. Ukiulizwa shule ile ilikuwa na wanafunzi wangapi muhula wa kwanza, utapunguza mmoja bila hata kusitasita.

Njia nzuri ni uhusiano wenyewe upewe jedwali lake. Tuliite la uandikishaji: namba ya mwanafunzi, namba ya shule, gredi, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Mtoto akihama, mstari wa Kayole unafungwa kwa tarehe, wa Kawangware unafunguliwa. Tarehe ya kuingia si mali ya mtoto, wala si ya shule. Ni ya wawili hao walipokutana. Mwanasayansi wa kompyuta Peter Chen alipochapisha modeli yake ya vitu na uhusiano mwaka 1976, aliruhusu uhusiano uwe na sifa zake, na Ed-Fi, kiwango cha Marekani cha kupanga data za elimu, kinauweka usajili wa mwanafunzi shuleni kwa namna hiyo hiyo.

Walezi ndio wagumu zaidi, hasa mjini. Mama yuko kazini Ghuba, nyanya anamlea mtoto Kibra, mjomba analipa karo. Safu moja ya "mzazi" haitoshi: kila mstari useme nani, kwa mtoto yupi, na kwa jukumu gani. Mwalimu na masomo yake hufuata mtindo huo huo.

Yote haya hushikiliwa na namba ya pekee, kwa kuwa majina hufanana. NEMIS, mfumo wa taarifa za elimu wa Wizara ya Elimu ya Kenya, ulimpa kila mwanafunzi aliyesajiliwa namba yake kwa sababu hiyo, na fedha za serikali kwa shule za umma huhesabiwa kwa kichwa. Mtoto mwenye mistari miwili iliyo wazi analipiwa mara mbili, kwa hiyo kanzidata yenyewe (ghala la majedwali haya) ikatae mstari wa pili kabla wa kwanza haujafungwa. Kumwachia karani kazi hiyo ni kujidanganya.