Kwa nini baba hapewi uji? Maswali ya ndugu wa wagonjwa wa kiharusi wodini

Daktari, baba hajala tangu jana jioni. Kwa nini mnakataza hata uji?

Kwa sababu bado hatujajua kama anameza salama. Kiharusi kinachopooza mkono na mguu mara nyingi hulegeza pia ulimi na koo. Uji ukikosa njia ya tumbo unaingia mapafuni. Ubaya ni kwamba mgonjwa anaweza asikohoe kabisa, kwani koo limekufa ganzi, na ndugu wakafurahi kuwa mzee amekula vizuri. Siku mbili tatu baadaye homa inapanda, anahema, na sasa tunatibu nimonia. Wengi wanaofariki katika wiki za mwanzo za kiharusi huondolewa na nimonia ya namna hii, na sehemu kubwa ingezuilika. Ndiyo maana tunakuwa wakali kwa kijiko kimoja. Vidonge navyo haviruhusiwi mdomoni hadi apimwe.

Mnampimaje?

Kwanza awe macho na aweze kukaa wima. Anayesinzia hapimwi. Tunamsafisha kinywa, kisha tunampa maji matupu kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, huku vidole vikiwa kooni kuhisi kama koromeo linapanda. Baada ya kumeza aseme "aaa". Tunarudia mara tatu. Akikohoa, maji yakichuruzika pembeni mwa mdomo, au sauti ikitoka yenye majimaji, tunaacha papo hapo. Akivuka hapo anakunywa mililita 50 kwenye kikombe, taratibu.

Akishindwa leo atapimwa tena kesho. Wengi hurudiwa na uwezo wa kumeza ndani ya siku chache au wiki mbili.

Basi tumwanzishe na maji au chai, si ndivyo vyepesi?

Hapana. Kwa koo lililolegea maji ndiyo magumu, maana yanakimbia kabla koo halijajifunga. Akisharuhusiwa kula, uji mzito usio na mabonge, au ndizi iliyopondwa vizuri, hudhibitika zaidi. Mpe nusu kijiko, subiri ameze, angalia shavu la upande uliopooza: chakula hujificha pale. Asitumie mrija, wala asilishwe akiwa amelala.

Na mpira wa puani, ule wa kumlishia asiyeweza kumeza, una masharti gani?

Kabla ya kila mlo muuguzi ahakikishe mpira uko tumboni, na alama iliyowekwa puani haijasogea. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, na kibaki hivyo angalau nusu saa baada ya mlo. Mlo mmoja wa uji uliochujwa ni mililita 200 hadi 300, uingie polepole. Pitisha maji mililita 30 kabla na baada, la sivyo mpira unaziba. Vidonge visagwe kimoja kimoja, isipokuwa vile vinavyotoa dawa polepole mwilini. Hivyo havisagwi kamwe. Akianza kukohoa wakati wa kulishwa, simamisha, mwite muuguzi.

Presha ni 190/100, mbona hamuishushi?

Inategemea CT-Scan, yaani kipimo cha picha ya ubongo. Kama mshipa umeziba, sehemu ya ubongo inayozunguka pale inaishi kwa damu inayosukumwa na presha hiyo. Ukiishusha ghafla unaua ubongo uliokuwa unaokoleka. Kwa mgonjwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida tunavumilia hadi 220/120 siku ya kwanza, isipokuwa moyo au figo zimelazimisha vinginevyo. Kama mshipa umepasuka, tunaishusha ndani ya saa chache, namba ya juu ifike karibu 140. Tafadhali msimpe kwa siri dawa zake za nyumbani, wala aspirini kabla ya kipimo.

Dawa hiyo ya kuyeyusha damu, kwa nini hakupewa?

Mara nyingi ni muda. Mwisho ni saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyeamka asubuhi akiwa amepooza huhesabiwa tangu alipokwenda kulala. Mshipa uliopasuka hauruhusu dawa hii kabisa.

Bibi usiku anapiga kelele na kung'oa dripu. Si mumchome sindano ya usingizi?

Sindano ya usingizi kama diazepamu humzidishia mzee kuchanganyikiwa, na akisinzia anapaliwa na mate. Tunatafuta chanzo: kibofu kilichojaa, choo kigumu, homa, sukari iliyoshuka, maumivu. Leteni miwani yake na kifaa chake cha kusikilizia. Mmoja anayemfahamu akae naye, amtajie siku na mahali alipo, amwongeleshe kwa lugha ya nyumbani kwao.

Sisi tufanye nini?

Mgeuzeni kila saa 2, mkiangalia ngozi ya visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio. Wekundu usiofifia ukiubonyeza ni mwanzo wa kidonda, semeni mapema. Na jambo moja tunalirudia kila zamu: msimwinue kwa kuuvuta mkono uliopooza. Misuli iliyokuwa imeshikilia bega imelegea, bega linateguka, na maumivu yake hukwamisha mazoezi kwa miezi. Shikeni mgongoni na chini ya nyonga, na akikaa, mkono uegemee mto.