Je, Wajua Kwa Nini Kompyuta Hufika Skuli Kabla ya Somo la Akili Mnemba?

Serikali inapotoa fedha za kufundisha akili mnemba, cha mwanzo kuonekana huwa kompyuta. Cha mwisho ni mwanafunzi anayejua kuitumia akili hiyo kufanya kazi. Wengi hudhani sababu ni uchache wa fedha. Mara nyingi fedha zipo, ila zimekaa fungu moja na haja iko fungu jengine.

Bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, inayopitishwa na Baraza la Wawakilishi kule Chukwani na kuanza kutumika tarehe 1 Julai, ina pande mbili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Majengo na vifaa vingi huingia upande wa maendeleo, mara nyingine kwa mkopo au msaada wa washirika wa nje. Mishahara, umeme, intaneti na matengenezo huingia upande wa kawaida. Mradi wa maendeleo una tarehe ya kufungwa, lakini bili ya umeme haina. Fedha za matumizi mengineyo, yaani yale ya kawaida yasiyo mishahara, nazo hutolewa kwa awamu, kadiri mapato yanavyoingia, kwa hiyo mambo yakibana ndizo za mwanzo kukatwa. Hapo ndipo chumba kizuri cha kompyuta hubaki kimefungwa kufuli.

Tuchukue chumba cha kompyuta 20. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula kama wati 150, hivyo zote zikiwaka ni kilowati 3. Zikitumika saa 4 kwa siku, ni uniti 12. Kwa siku 20 za masomo ni uniti 240 za tukuza (umeme wa kulipia kabla), bila kiyoyozi. Kompyuta mpakato hula kama wati 60, na hesabu hiyo hiyo inashuka hadi uniti 96. Tena mpakato ina betri yake, umeme ukikatika somo linaendelea. Anayeandika ombi la vifaa bila ya kuipiga hesabu hii anamwachia mwalimu mkuu deni ambalo hana fungu la kulilipa.

Kosa linaloumiza zaidi limo kwenye waraka wa zabuni. Ukiandikwa "kompyuta 20" basi, mshindi atakuwa mwenye bei ya chini, na mashine huenda zikaja na kumbukumbu (RAM) ya GB 4. Zinatosha kuchapa barua, ila kwa akili mnemba inayoendeshwa ndani ya mashine yenyewe hazisaidii sana. Modeli ya lugha, yaani programu ya akili mnemba inayosoma na kuandika maneno, yenye vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 7, kila kigezo kikihifadhiwa kwa biti 16, inataka GB 14 za kumbukumbu. Ikibanwa hadi biti 4 inashuka hadi GB 4 na ushei, na hapo mashine yenye GB 16 inaiendesha bila ya intaneti, polepole lakini kwa uhakika. Kwa hiyo sifa za kiufundi ziandikwe kwa tarakimu: kumbukumbu GB 16, hifadhi ya SSD GB 512. Kompyuta 12 za aina hiyo ni bora kuliko 20 zisizoweza kuifungua modeli, hata kama namba ndogo haipendezi kwenye ripoti.

Intaneti nayo ina hesabu yake. Faili la modeli la GB 4.5, kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua saa nzima kushuka. Wanafunzi 20 wakilishusha kila mmoja kwa laini hiyo hiyo, ni GB 90 na saa 20. Kipindi kimekwisha na bando limekwisha. Mwalimu aliyefunzwa hulishusha mara moja usiku, akalinakili kwa flashi mashine moja baada ya nyengine. Ujuzi huo hauna gharama ya ununuzi, ila una gharama ya kumfunza mwalimu.

Na mwalimu ndiye kifungu kinachosahauliwa kuliko vyote. Kumtoa mwalimu Pemba kuja kusoma Unguja ni nauli ya boti kwenda na kurudi pamoja na posho ya kujikimu kila siku. Kumpeleka mkufunzi mmoja Pemba, akafundisha katika kituo cha walimu kama Michakaini, huokoa nauli na posho za watu wengi. Pia wafunzwe wawili kila skuli. Mwalimu mmoja mwenye ujuzi huu akihamishwa, au akipata kazi kwengine, chumba kizima kinarudi kulala.

Nani hasa hulipa hutegemea ngazi. Elimu ya skuli na mafunzo ya amali si mambo ya Muungano, yaani hayasimamiwi na Serikali ya Muungano wa Tanzania, kwa hiyo mlango ni Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, na kwa vituo vya amali, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, lakini Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ngazi hii sasa ina uzito mkubwa, kwani kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, iliyofunguliwa Bweleo mwaka 2023 ilianza na shahada ya sayansi ya data na akili mnemba. Ada yake ya shahada ya kwanza ilitangazwa kuwa dola 12,000 za Marekani kwa mwaka. Familia nyingi za hapa haziwezi kuzigusa fedha hizo bila ya mkopo au ufadhili, kwa hiyo muombaji asome masharti ya bodi kwanza, kisha ndiyo achague chuo.

Zipo serikali zilizoanzia upande mwengine kabisa. Finland haikuanza na vyumba. Chuo Kikuu cha Helsinki na kampuni ya Reaktor walitoa kozi ya bure ya mtandaoni mwaka 2018, Elements of AI, isiyodai ujuzi wa kuandika programu, kisha serikali ikagharimia kuitafsiri kwa lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Singapore ilimpa raia wa miaka 25 na kuendelea salio la dola 500 za nchi hiyo, achague mwenyewe kozi iliyoidhinishwa. Kwa maoni yetu, njia ya Finland ndiyo inayotufaa zaidi kuiga hapa: kozi fupi ya Kiswahili safi, iliyowekwa kwenye flashi, ingefika Makunduchi na Konde kabla ya zabuni yoyote kukamilika.

Kwa skuli inayotaka kuomba, kalenda ni muhimu. Mwaka wa masomo huanza Januari na wa fedha huanza Julai, na maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla ya hapo. Ombi linaloandikwa Mei limechelewa. Lipelekwe mwishoni mwa mwaka wa kalenda, likiwa na mistari minne yenye kiasi chake: uniti za umeme kwa mwezi, GB za intaneti kwa mwezi, siku za mafunzo kwa walimu wawili, na fedha za kubadilisha betri na chaja kuanzia mwaka wa tatu. Kompyuta zenyewe ziandikwe mstari wa tano.